Gia ya Pili Imegoma

Jumatatu, 6 Mei

Gia ya pili imepiga kelele leo. Kwarrr! Mbele ya watu. Na si watu wowote, bali mwanyumba wangu, mume wa dada yake mke wangu. Ni mwalimu wa udereva. Mimi humwita Vioo, kwa sababu hawezi kumaliza sentensi bila kukumbusha mtu atazame vioo. Alikuwa amesimama nje ya kibanda cha kinyozi. Akageuka taratibu, akasema klachi haiachii. Nilimpungia mkono kama mheshimiwa, na hapo hapo gari likazimika.

Gari lenyewe si langu. Ni la shemeji, kaka yake mke wangu, anayefanya kazi melini. Jekundu, viti viwili, liko chini kiasi kwamba ukishuka unatangulia kupiga magoti. Aliniachia nilipashe moto kila wiki na kulizungusha mtaani. Nimelizungusha mpaka sokoni kununua vitunguu. Sokoni nako ni mtaani.

Shemeji anapita Jumapili, kisha anarudi baharini kwa miaka miwili. Lazima aamue funguo zibaki kwa nani. Vioo anazitaka, hata haoni aibu. Ila mke wangu alimwapia kaka yake, dada mtu akisikia, kwamba mimi ni mtu makini. Gari likiharibika, yeye ndiye atakayeinamisha uso mbele ya dada yake. Na mimi nitarudi kwenye baiskeli. Nalipenda lile gari. Naandika hapa kwa sababu sina pengine pa kulisema hilo.

Jumanne, 7 Mei

Uchunguzi umefanyika. Injini ikizimwa, gia zote zinaingia laini, ya kwanza mpaka ya tano, hata rivasi. Injini ikiwaka: kwarrr! Nimerudia mpaka jirani akafunga dirisha. Hitimisho: gia ni nzima. Injini ndiyo inayozichokoza.

Mpango wa kwanza: shemeji akija, nimwonyeshe gia gari likiwa limezimwa. Nimemdokezea mke wangu, kama mfano tu. Akauliza kama kaka yake atakuwa analisukuma.

Nikampigia simu fundi wa gereji, nikajifanya naulizia gari la rafiki. Akasema inaelekea klachi haikanyagiki mpaka mwisho, rafiki yangu atazame pedali. Kisha akauliza kama hilo gari jekundu la rafiki yangu lina shida nyingine. Nikakata simu. Tena klachi! Ni wazi Vioo ameshapita gereji. Na kama Vioo anasema klachi, basi haiwezi kuwa klachi.

Mengineyo: mke wangu amegundua kuwa zulia la sebuleni limekatwa kona, nyuma ya kochi. Anashuku panya. Nimekubaliana naye kwamba panya wa siku hizi hawana adabu, nikaweka mtego. Kona yenyewe iko garini, chini ya miguu yangu, nimeikunja mara mbili ili viatu visichafue sakafu ya shemeji. Huo ndio umakini. Vioo angewaza hilo?

Jumatano, 8 Mei

Nimepata jawabu. Oili ya gia! Imechoka. Nikasubiri mke wangu aende kazini, nikajitosa chini ya gari na spana.

Gia boksi ina boliti mbili. Ya chini ni ya kumwaga, ya ubavuni ni ya kujazia. Nikafungua ya chini. Oili yote ikashuka, nusu kwenye beseni, nusu shingoni. Raha iliyoje! Nikahamia ubavuni. Boliti ikakataa. Nikaing'ang'ania. Spana ikateleza, ikateleza tena, mpaka pembe zote zikalika na boliti ikabaki duara.

Hali ilivyo sasa: oili yote iko nje na haina pa kurudia. Gari haliwezi kutoka hata getini. Mtu mwingine angejaribu boliti ya ubavuni kwanza. Mtu mwoga.

Vioo akapita na gari la shule ya udereva. Akaona miguu yangu. Akauliza kama amwite mtu. Nikamwambia nimejipumzisha. Beseni ni lile la kufulia, nimelihamishia uani kwa jirani mpaka mambo yatulie.

Alhamisi, 9 Mei

Fundi ameitwa. Nilimwita kwa unyonge, sifichi. Akaja na patasi na nyundo, akaigonga ile boliti pembeni, ikazunguka. Akaweka boliti nyingine, akajaza oili. Kisha, bila kuombwa, akaketi kwenye usukani na kukanyaga klachi. Akasema pedali haifiki chini, kuna kitu kinaizuia, niiname nitazame.

Nikamkumbusha kwamba aliitwa kwa ajili ya boliti. Akakusanya vyombo vyake, akanitakia kila la heri kwa sauti ambayo sikuipenda.

Nimelijaribu gari. Kwarrr. Sina wasiwasi. Oili ni mpya, haijazoea mazingira.

Ijumaa, 10 Mei

Siku mbaya. Mke wangu ameomba nimpeleke kazini. Kwarrr kwenye kona, kwarrr kwenye kilima. Akauliza kama nimeliharibu. Nikasema linakohoa tu. Tulipofika akaniambia kwamba dada yake amepiga simu kuuliza kama Vioo aje na gari lake Jumapili, endapo letu litakuwa na hitilafu. Alilitamka neno hitilafu vile vile dada yake alivyolitamka. Machozi yalikuwa yanamlengalenga.

Nimeumia. Kweli nimeumia. Nilipobaki peke yangu, nilikaribia kabisa kuinama nitazame ile pedali. Kisha nikakumbuka ni nani aliyeanza habari za klachi. Nikajizuia.

Jumamosi, 11 Mei

Mke wangu ameamka na ndoo na kitambaa ili alisafishe gari la kaka yake kwa mikono yake. Baada ya muda akaingia sebuleni, kona ya zulia mkono mmoja, mtego wa panya mkono wa pili. Aliviinua tu vyote viwili nivione. Nikasema ningeweza kueleza. Akasema nisithubutu. Amekaa na sindano asubuhi nzima, anaishona kona mahali pake.

Nikakimbilia garini. Nikawasha, nikakanyaga, nikaingiza ya pili.

Kimya!

Nikazunguka mtaa mzima. Kimya ya kwanza, kimya ya pili, kimya ya tatu. Oili imezoea! Nilisema mimi. Siku mbili tu ilihitaji. Nimerudi ndani kumpa mke wangu habari njema, akaniambia nipishe mwanga.

Jumapili, 12 Mei

Ushindi! Shemeji amefika, ameliendesha mwenyewe. Vioo akajipakia kiti cha pembeni bila kualikwa. Kwa jinsi alivyorudi amenuna, najua alikaa safari nzima ametega sikio asikie kwarrr. Hakusikia kitu. Shemeji akashuka akicheka, akasema gari ni bora kuliko alivyoliacha. Akanikabidhi funguo mbele ya wote. Miaka miwili!

Mke wangu alisimama wima pembeni yangu. Hajawahi kunitazama vile tangu tuoane. Dada yake akasema chai imepoa.

Nikatoa maelezo mafupi kuhusu oili ya gia. Vioo akauliza kuhusu klachi. Nikamwonea huruma, nikamwambia kila mtu ana eneo lake.

Jioni nimeona sakafu ya gari ina alama za viatu vyao. Nimetandika taulo kuukuu chini ya pedali, nimelikunja mara nne. Nene, safi, na halijatoka kwenye zulia la mtu.

Jumatatu, 13 Mei

Mke wangu amevaa gauni lake zuri, akaomba nimpeleke kwa dada yake. Kusalimia tu, alisema. Nikamwelewa. Tukakata kona polepole ili wenye gari waonekane. Dada mtu akatoka getini. Vioo akatoka nyuma yake.

Kwarrr! Nikajaribu tena. Kwarrrrr!

Vioo akakunja mikono. Mke wangu akanigeukia. Nikafikiri haraka, kama mtaalamu. Jana, shemeji na Vioo, wembamba wote wawili: kimya. Ijumaa, mke wangu kapanda: kelele. Leo, mke wangu kapanda: kelele. Ushahidi uko wazi kabisa. Nikamwambia kwa upole, dada yake akiwa kashika dirisha, kwamba tatizo ni uzito.

Amerudi nyumbani kwa miguu. Nimemfuata nyuma polepole njia nzima, nikimweleza kupitia dirishani kwamba simlaumu, ni mambo ya kiufundi tu. Hakugeuka hata mara moja. Gia ya kwanza haina tatizo lolote.