Kinga ya Meno ya Hezroni

Habari ya meno ya watoto wa Ugweno ilimkuta Hezroni kwenye stesheni ya Same, njaa ikimuuma. Abiria mmoja alikuwa akisimulia jinsi Naftali, mtoto wa Eliwaza, alivyopigwa kiwiko kwenye mpira, jino la mbele likabaki nyasini. Wazazi wote wa kule sasa roho juu. Hezroni akatabasamu, na jino lake la dhahabu likang'aa.

Kwa kuwa aliwahi kumwona bondia mmoja Tanga akitia kitu mdomoni, alijihesabu daktari. Akakata tairi bovu la lori vipande vilivyopinda, akavipaka ulimbo, ule ule wa kunasia ndege, ili vishike meno. Kisha akasukuma baiskeli mlimani mpaka uwanja wa shule.

"Kinga ya meno. Mtoto wa Bwana DC hagusi mpira bila hii."

"Mbona inanuka tairi?" akauliza Eliwaza.

"Mama Naftali, Ulaya yote inanuka hivi hivi."

Wazazi wakaguna kwa heshima. Wanaume wanaobishania chumvi dukani mpaka duka lifungwe walitoa jogoo na kahawa bila neno. Eliwaza akamleta mbuzi wake wa pekee, maana mwanawe bado alikuwa na meno ya kupoteza.

Bibi Dorkasi, mama mkwe wa Eliwaza, akaishika kamba ya mbuzi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Vaa wewe kwanza."

"Mimi sichezi mpira."

"Naona. Vaa."

Watu wanatazama, afanyeje? Hezroni akaitia mdomoni, akauma, akataka kuisifu. Taya halikufunguka. Ulimbo haukuuliza kama huyu ni ndege.

"Kitendawili," akasema bibi.

"Mmm."

"Amesema tega. Nyumba yangu ina walinzi weupe, lakini mwizi anaishi humo humo ndani."

"Mmm, mmm."

"Ameshindwa. Nipe mji."

Hezroni akanyoosha mkono bondeni, kwenye kijito, akiomba maji.

"Amenipa Same. Siitaki, ina vumbi. Nipe baiskeli. Kama hutaki, sema."

Hakusema. Kila mtu akachukua chake, na bibi akachukua baiskeli.

Eliwaza ndiye aliyemhurumia, akamletea samli ya moto. Raba ikatoka, na dhahabu ikatoka nayo: karatasi ya pakiti ya sigara. Chini yake, jino bovu.

"Hivi kinga yenyewe ipo kweli?" akamuuliza.

"Ipo, mama. Niliiona Tanga."

Lilikuwa neno lake la kweli la pekee siku ile, na hakuna aliyeliamini.

"Jibu ni ulimi," akasema Bibi Dorkasi, akijaribu kengele ya baiskeli. "Na Same yako nakurudishia. Iko kule chini, shika njia."