Kumnenepesha Nyundo

Jumatatu, 9 Juni 1975
Siku kubwa! Mwalimu Angelina wa Kilakala amekwenda Turiani, semina ya elimu ya watu wazima. Atarudi Jumamosi ya wiki ijayo. Ameacha kobe wake wawili. Jembe kapewa Stefano, fundi baiskeli. Nyundo nimepewa mimi. Atakayemtunza kobe vizuri ndiye atakayemsindikiza Angelina harusini kwa dada yake, Matombo. Stefano akatabasamu. Atabasamu tu. Mimi karani wa ofisi ya mkoa, yeye ana grisi mpaka masikioni.
Ametuachia karatasi. Nyasi, magugu, majani ya matembele, maji safi. Ugali marufuku. Maharage marufuku. Hicho ni chakula au adhabu?

Jumatano, 11 Juni
Nimempima Nyundo kwenye mizani ya Bi Pili, muuza nyanya. Kilo mbili na nusu. Aibu! Nataka zifike tatu. Angelina akimnyanyua, mikono yake yenyewe itamwambia nani anajua kutunza.
Ofisini nimesema naumwa jino. Nimepanga foleni ya unga saa nne nzima, nikapata ule wa njano. Nimempikia ugali laini, maharage juu. Kamaliza! Matembele yake nimekula mimi. Kurudi nimemwona Stefano kainama mtaroni anachuma magugu. Mtu mzima!

Jumamosi, 14 Juni
Kilo mbili na robo tatu! Akijificha, miguu inabaki nje. Gamba halimtoshi tena. Maendeleo hayo.
Mimi suruali inanivuka. Bi Pili kasema siku hizi ngozi yangu inang'aa, natumia nini?

Jumanne, 17 Juni
Balaa! Nyundo hali tangu juzi. Haja hajapata tangu Ijumaa. Kafumba macho. Nimemgongea gambani, kimya.
Nimemtia kikapuni, mbio kwa Mzee Mikidadi, bwana mifugo mstaafu. Kwa woga nimempa shikamoo mbili. Akauliza nimemlisha nini. Nikasema majani. Akanitazama. Nikasema na ugali kidogo. Akazidi kunitazama. Nikasema yote.
"Kijana," akasema, "huyu anakufa kwa shibe."
Maji ya uvuguvugu, aloweshwe kila siku. Majani tu. Njiani machozi yamenitoka. Kidogo. Vumbi lile.

Alhamisi, 19 Juni
Nimemlowesha kwenye beseni langu la kunawia uso. Tumetazamana saa nzima. Nimemwomba radhi. Mara, Mungu mkubwa! Beseni lote! Nimeruka mpaka Bi Pili kachungulia dirishani. Beseni nimelitupa.
Lakini bado mnyonge, na Angelina anarudi keshokutwa.

Ijumaa, 20 Juni
Akili ya karani! Nimekwenda kwa Stefano na kikapu. Alipoinamia mnyororo wa baiskeli, nikamtoa Jembe, nikamweka Nyundo. Hakugeuka hata shingo. Jembe ana mbio huyu! Gamba laini, macho maangavu. Sasa ni wangu.

Jumamosi, 21 Juni
Angelina kafika. Kamtazama kobe wangu mara moja tu, akauliza Jembe anafanya nini kwangu. Anawajua kama wanafunzi wake! Stefano ndiye aliyejibu. Alisema niliona Nyundo anaumwa, nikampelekea anisaidie. Kumbe tangu jana anajua, na amemlowesha mara mbili.
"Ahsante, Stefano," Angelina akasema. Kwangu akasema, "Gabrieli, ile karatasi uliisoma?"
Nikasema mara mbili. Ndilo lililomuudhi zaidi.
Matombo wamekwenda wawili. Kwa baiskeli.

Alhamisi, 26 Juni
Nimepona kabisa. Muuguzi Theresia, mgeni hapa mtaani, anatafuta mtu wa kumtunzia sungura watano akiwa likizo. Nimejitolea kabla hajamaliza sentensi. Kasema majani asubuhi, majani jioni, basi. Maskini viumbe wale, ndiyo maana wanatetemeka pua!
Nimeshawanunulia dagaa.