Rafu Nyekundu ya Vibanio

Jumatatu, 6 Mei

Mama amerudi kazini na kukaa kitini bila kuvua viatu. Chai yake imepoa akiitazama. Dalili mbaya.

Habari yenyewe ni hii. Mama ni msimamizi wa ghala la duka la jumla, lile linalopeleka bidhaa kwenye maduka madogo ya mtaa wetu na mitaa ya jirani. Yeye ndiye anayeamua kipi kiagizwe na kiasi gani. Amefanya hivyo tangu sijazaliwa. Sasa Bosi ameweka mfumo. Wenye maduka wamepewa programu kwenye simu zao. Wakiuza kitu, wanabonyeza. Wakiulizwa kitu wasichokuwa nacho, wanabonyeza pia. Mfumo unakusanya yote hayo, unapiga hesabu zake, na ukiona rafu inakaribia kuisha unaagiza wenyewe kiwandani. Haumuulizi Mama. Haumuulizi mtu.

Umeletwa na kijana ambaye haweki chini kishikwambi chake hata akila, kwa hiyo Mama anamwita hivyohivyo, Kishikwambi. Ana adabu, Mama anakiri. Kila asubuhi anamwamkia shikamoo, kisha anamwonyesha rangi. Rafu inayotoka ni ya kijani. Rafu iliyolala ni nyekundu. Ghala zima ni kijani isipokuwa rafu moja, nyekundu kama jicho linalouma: vibanio vya nguo.

Vibanio aliviagiza Mama. Katoni hadi darini. Hoja yake ilikuwa kwamba kila mtu anafua. Leo Bosi amemjibu kwamba ni kweli kila mtu anafua, lakini kibanio mtu hununua mara moja, akazeeka nacho, akamwachia mjukuu. Rafu ile ikiwa bado nyekundu mwisho wa mwezi, uagizaji wote utaachiwa mfumo, na Mama atafute kazi kwingine.

Mdogo wangu, ambaye tunamwita Spika kwa sababu hana kitufe cha kuzimia, ameuliza kama tutahama nyumba. Mama amemwambia ale.

Mimi sikusema kitu. Mimi huwa sisemi. Lakini nimechomoa chini ya mto kitabu cha maktaba ya shule kinachohusu mnyororo wa ugavi, yaani safari ya bidhaa toka kiwandani hadi dukani. Nilikiazima mwezi uliopita kwa sababu hakuna aliyewahi kukiazima, nikakionea huruma. Kumbe kilikuwa kinanisubiri.

Jumanne, 7 Mei

Nimefika sura ya nne. Inasema mfumo hauoni watu, unaona mahitaji. Nimeisoma sentensi hiyo darasani chini ya dawati, wakati wa jiografia, moyo ukinienda mbio.

Maana yake ni rahisi. Si lazima mtu anunue kibanio. Inatosha aulize.

Toka shuleni hadi nyumbani kuna maduka mengi, na hakuna hata moja linaloweka vibanio. Nitapita kila duka nikiulizia. Mwenye duka hana, atabonyeza. Mfumo utaona watu wana kiu ya vibanio. Rafu ya Mama itapona.

Kuna tatizo dogo, nalo ni mimi. Sauti yangu haifiki mbali. Tukienda hospitali, namnong'oneza Mama naye anamwambia daktari. Wageni wakija nyumbani, mambo ni hayohayo: wananiuliza mimi, anajibu yeye, akianza na "anasema". Darasani nikiitwa jina nainua mkono.

Duka la kwanza nimesimama mpaka waliokuja nyuma yangu wakahudumiwa wakaondoka. Mwenye duka ameniuliza kama namsubiri mtu. Nimetoka na kiberiti ambacho hatukukihitaji.

Duka la pili mwenyewe ni mzee mwenye miwani. Nimefumba macho nikasema. Ameniambia nirudie. Nimerudia. Amesema vibanio hana, akachukua simu. Nimekiona kidole gumba chake kikishuka. Sijawahi kuona kitu kizuri kama hicho.

Alhamisi, 9 Mei

Maduka yote, jana na leo. Nimegundua kwamba ukisema neno moja kila siku linazoeleka mdomoni. Neno langu ni vibanio.

Spika amenifuata leo bila ruhusa. Amesimama nyuma yangu dukani akatangaza kwa wateja wote kwamba dada yake anataka vibanio, vibanio vya nguo, vile vya kubana nguo. Mama mmoja aliyekuja kununua sabuni amesema naye akikumbuka vizuri vyake vimevunjika. Mwenye duka amebonyeza tena. Nimeamua kumsamehe Spika, na kumwajiri.

Mzee wa miwani ameniuliza kwa nini nataka vibanio kila siku. Nimemnong'oneza kwamba kwetu tunafua sana. Amenitazama kwa huzuni, akasema, "Poleni."

Jumamosi, 11 Mei

Mama ameingia anaimba. Hata mkoba hajautua, akatueleza. Jana mchana maduka yalianza kuletewa vibanio, yote kwa mpigo, na leo asubuhi rafu ilikuwa ya manjano. Kufikia saa sita ikawa kijani. Kishikwambi amempa mkono. Bosi amesema huenda aliharakisha kusema.

Mezani Mama ametueleza kwamba yeye alijua siku zote. Watu walichelewa tu kuelewa. Alisema hivyo huku akinimiminia chai, kwa utulivu, kama mtu ambaye dunia imemwomba radhi.

Kwa mara ya kwanza kimya changu kilikuwa na ladha. Spika alifungua kinywa, nikamkanyaga.

Nimeacha kuulizia vibanio. Kazi imekamilika. Kitabu nacho nimekiweka pembeni kwenye sura ya sita. Mtu anayeshinda hahitaji kusoma zaidi.

Jumanne, 14 Mei

Lori limekuja ghalani. Limejaa vibanio.

Mama anasema alidhani dereva amepotea njia. Dereva amemwonyesha oda. Ni yetu. Mfumo uliona maduka yote yanaulizia, ukaona rafu inaelekea kuisha, ukaagiza Ijumaa bila kumgusa mtu bega. Na kwa kuwa kila siku waulizaji walikuwa wanaongezeka, ukaagiza vya waulizaji watakaokuja pia.

Nimekimbilia sura ya saba. Inaeleza kwamba mtikisiko mdogo dukani hugeuka wimbi kubwa likifika kiwandani, kwa sababu kila kituo huongeza kidogo kwa kuogopa kupungukiwa. Kuna mchoro. Unaanza na mstari mwembamba kama uzi na kuishia na kitu kama mlima. Nimeutazama sana ule uzi. Ni mimi.

Laiti ningeisoma Jumamosi.

Wakati wa kurudi, mzee wa miwani amenipigia kelele toka ng'ambo ya barabara. "Binti! Vibanio vyako vimefika!" Amevitundika mlangoni kama mapambo. Nimejifanya nafunga kamba za viatu, na viatu vyangu havina kamba.

Jumatano, 15 Mei

Siku mbaya kuliko zote.

Maduka yamerudisha vibanio. Hakuna aliyevinunua isipokuwa yule mama wa sabuni. Mama alituambia tupitie ghalani baada ya shule tumsaidie kupanga. Rafu ya vibanio ni nyekundu, na rafu mbili za jirani zimeambukizwa. Sukari imehamishiwa kwenye korido.

Tulimkuta Bosi amesimama na mikono nyuma. Kishikwambi alikuwa anamwonyesha ramani. Alieleza kwamba kila aliyeulizia kibanio amewekewa nukta, na nukta zinawaka kwa mfuatano wa saa zilipoingia. Akabonyeza.

Nukta ya kwanza iliwaka karibu na geti la shule. Ya pili ikawaka mbele yake kidogo. Zikateremka barabarani duka kwa duka, kwa mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu, zikakata kona kwa kinyozi, zikasimama kidogo pale ambapo mimi husimama kutazama paka. Nukta ya mwisho iliwaka kwenye duka lililo mkabala na mlango wetu. Kishikwambi akabonyeza siku nyingine. Mwendo uleule. Kona ileile. Hata paka.

Bosi akauliza hapo zinapoishia anaishi nani. Mama akasema ni kwake.

Bosi hakugomba. Ingekuwa afadhali. Alisema taratibu, "Dada yangu, miaka yote hii. Nilidhani utaniambia rafu imekushinda. Sikudhani utaipaka rangi." Mama akaapa hajui chochote. Kishikwambi akainamia kishikwambi chake. Alionekana kusikitika kweli, lakini nukta zilikuwa bado zinawaka mkononi mwake.

Nikasogea mbele. Nikasema.

Bosi akauliza, "Anasema nini huyu?"

Mama, kwa mazoea tu, akainamisha sikio. Nikanong'ona. Akainuka akamwambia Bosi, "Anasema ni yeye." Akainama tena. "Anasema alikuwa anapita madukani akitoka shule. Anasema kila duka anaulizia. Anasema hakutaka kununua, alitaka tu wabonyeze. Anasema alisoma kitabu..." Hapo akanyamaza. Alikuwa ameanza kunisikia. Akanigeukia. "Wewe. Umefanya nini?"

Nikanong'ona tena. Safari hii hakumwambia Bosi.

Spika akamwambia. Amesema, kwa sauti iliyofika hadi barabarani, kwamba dada hataki Mama afukuzwe.

Bosi akasema tutaonana Ijumaa.

Ijumaa, 17 Mei

Hukumu imetoka. Mama ametuletea nyumbani, viatu vikiwa miguuni.

Bosi ameamua kwamba uagizaji unakwenda kwenye mfumo, hilo limepita. Mama anabakishwa kwa kazi moja tu. Avitoe vibanio. Alivyoagiza yeye, alivyoagiza mfumo, na vilivyorudi. Siku kibanio cha mwisho kitakapotoka ghalani, wataagana kwa amani. Mimi na Spika tutakuwa tunakwenda Jumamosi kubeba katoni, bila malipo, ili tujue uzito wa mahitaji.

Nilitegemea anichape au angalau apandishe sauti. Aliniuliza tu ni nini kile nilichomwambia mara ya mwisho pale ghalani, kabla Spika hajaingilia. Alikisikia, nadhani. Alitaka nikiseme tena. Hakukuwa na mgeni wala daktari wa kuambiwa "anasema". Nilisema kwa sauti yangu mwenyewe kwamba nilitaka ashinde.

Amekaa. Kisha amesema mbinu yangu ilikuwa ya kijinga kabisa, na nile.

Jumatatu, 20 Mei

Taabu mpya, na hii ni kubwa.

Vibanio vinatoka.

Kishikwambi amechimba kwenye takwimu zake akamwona yule mama aliyekwenda kununua sabuni akarudi na vibanio. Mteja mmoja tu, lakini wa kweli. Amependekeza kila mche wa sabuni utoke na pakiti ya vibanio bure. Maduka yamepokea kwa furaha. Jumamosi nilibeba katoni mpaka mikono ikafa ganzi, nikidhani natumikia adhabu. Kumbe nilikuwa namtoa Mama kazini kwa mikono yangu.

Na yeye anafurahi! Leo amesema rafu mojawapo imerudi kuwa ya manjano. Amesema wanafanya kazi vizuri na yule kijana, kwamba ana kichwa. Sukari imerudi mahali pake. Nimepiga hesabu nyuma ya daftari la jiografia. Kwa mwendo huu vibanio vitaisha kabla shule hazijafungwa.

Jana niliapa kutofanya hila tena. Niliapa kwa dhati, na bado naheshimu kiapo hicho. Ila hii si hila. Ni marekebisho.

Kosa langu la kwanza halikuwa kuulizia. Kosa lilikuwa mpangilio. Kishikwambi amemwambia Mama kwamba sasa mfumo umefundishwa kukataa maombi yanayofuatana barabarani kwa mwendo wa miguu. Haujafundishwa kukataa yanayorukaruka. Kwa hiyo kesho tunaanzia mwisho. Spika atachukua baiskeli na maduka ya mbali, mimi nitaruka duka moja na kurudi, na kwa paka sitasimama. Rafu ikiisha, mfumo utaagiza lori jingine, na lori jingine ni Mama kazini mwaka mzima.

Nukta ya mwisho nimeipangia duka lililo mkabala na geti la nyumbani kwa Bosi.

Kitabu kimebakiza sura moja. Nitaisoma tukimaliza.