Taarifa ya Utekelezaji wa Mazoezi ya Mkono Wangu wa Kulia

Mfupa wangu unakwenda chuo kikuu, na binti yangu ndiye atakayeuelezea mbele ya maprofesa watano, na nimeona niliseme hili kabla hata ya salamu kwa sababu nimelibeba tangu asubuhi na ni zito kuliko sufuria ya chai ya watu arobaini. (Vigelegele kutoka jikoni. Wifi anauliza: "Tumeitiwa hilo tu? Si tunalijua tangu mwaka jana?")

Sasa salamu. Mheshimiwa mume wangu, mwenyekiti wa kudumu wa kochi lile lenye mguu mmoja wa tofali. Mheshimiwa wifi yangu, fundi cherehani mkuu na mkaguzi wa mwenendo wangu tangu siku niliyoolewa. Ndugu dereva wa ofisini kwetu. Majirani wa mlango wa kulia, majirani wa mlango wa kushoto, na majirani ambao hamkualikwa ila mmesikia viti vikipangwa. Nawe mwanangu, kifungua mimba wangu, uliyejikunja pale pembeni na kompyuta mapajani. Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa, na niliyemsahau ajisalimie mwenyewe. (Kicheko.)

Ndugu wananchi wa sebule hii, mimi ni mtu wa darasa la saba, lakini nimewapelekea chai waheshimiwa katika ukumbi wa mikutano wa ofisi yetu kwa miaka kumi na tisa, na akaaye karibu na waridi hunukia, nami nimenukia mchakato, nimenukia mpango mkakati, nimenukia mpaka upembuzi yakinifu. Hivyo nitatoa taarifa rasmi, na atakayesinzia atahesabiwa kuwa ameunga mkono hoja.

Kwa wale wachache ambao hawajanisikia nikieleza jambo hili kwenye foleni ya maji, kwenye foleni ya duka na msibani (Dereva: "Na kwenye gari, mara sita"), napenda kuwafahamisha kwamba mfupa si jiwe. Mfupa ni ofisi. Wamo wabomoaji, ambao kazi yao ni kuula mfupa uliochakaa. Wamo wajenzi, wanaojaza mpya palepale. Na wamo walinzi, waliozikwa ndani kabisa, ambao kazi yao ni kuhisi uzito tu. Mlinzi akihisi uzito, anaita wajenzi. Asipohisi kitu, anawafungulia mlango wabomoaji, nao wanakula kama wajumbe kwenye semina. Sasa binti yangu amechukua picha za hospitali, akaukata mfupa ndani ya kompyuta ukawa vitofali milioni mbili, na kila kitofali anakiuliza: wewe umebeba nini leo? Kisha anazisukuma siku mbele, vitofali vingine vinanenepa, vingine vinakonda, mpaka kompyuta inamwonyesha mfupa wa miezi mitatu ijayo kabla miezi mitatu haijafika. Mtoto huyo nilimzaa mimi. (Makofi. Mume wangu: "Tulimzaa.") Marekebisho yamepokelewa.

Kama mnavyokumbuka, mwaka jana niliteleza kwenye korido niliyokuwa nimeipiga deki mwenyewe, nikavunjika mkono wa kulia, juu kidogo ya kifundo, nikakaa na plasta wiki sita. Wengine wangeona ajali; mimi niliona fursa. Binti yangu, kwa utafiti wake wa chuo, alikuwa anatafuta wagonjwa kumi na wawili waliovunjika palepale, alishapata kumi na mmoja, nami nikaandikishwa namba saba kwa sababu mwenye namba hiyo alijitoa. Plasta ilipokatwa, kila mmoja alipewa mpira wa kufinya na daftari, na maagizo ya kufinya mpira na kuinua chupa ya maji mara thelathini asubuhi, mara thelathini jioni, kwa wiki kumi na mbili, na kuandika kila siku kile alichofanya, maana humo ndimo kompyuta inamosoma mzigo. Hapo ndipo ulipozaliwa Mradi wa Mazoezi ya Mkono wa Kulia, Awamu ya Kwanza.

Takwimu zinajieleza. Siku themanini na nne, mara sitini kwa siku, jumla mara elfu tano na arobaini. Utekelezaji pasenti mia moja, bila kukosa hata siku ya mvua. Na daftari langu, mwanangu alisema mwenyewe, lilikuwa kamili kuliko yote kumi na mawili. (Watu wanasimama na kupiga makofi. Wifi hasimami.)

Pamoja na mafanikio hayo lukuki, ilijitokeza changamoto. Kompyuta ilisoma daftari langu ikachora mfupa mnene, wa kufaa kuwa nguzo ya geti. Picha ya hospitali ikaonyesha mfupa mwembamba, una matundu kama sponji ya kuoshea vyombo. Wale kumi na mmoja walikubaliana na kompyuta. Namba saba akakataa. Kwa miezi miwili binti yangu ameipitia programu yake mstari kwa mstari, anakonda kama huo mfupa, akitafuta alipokosea. Nilimpelekea chai siku moja nikamwambia, "Mwanangu, si useme tu huyo namba saba kadanganya?" Akasema, "Mama, namba saba ni wewe."

Basi leo asubuhi nikifuta meza nimeiona barua yake kwa chuo. Anaomba mtihani wake wa mbele ya maprofesa uahirishwe mwaka mzima, kwa sababu programu ina kasoro asiyoiona. Barua inapelekwa kesho.

Kwa muktadha huo, ndugu wadau, nafika kwenye shukrani. Namshukuru ndugu dereva, aliyenibebea kikapu kila jioni mpaka mlangoni. Namshukuru mume wangu, aliyeosha vyombo miezi mitatu mfululizo kwa mara ya kwanza katika ndoa ya miaka ishirini na saba, na kumbe anajua. Nawashukuru majirani mlioninyanyulia ndoo mkisema, "Pole mama, usijiumize." Nawashukuru kwa sababu kila mlichonibebea, mkono huu haukukibeba. Kitambaa cha shingoni, kile cha kuning'inizia mkono, nilitakiwa kukivua siku ilipokatwa plasta. Nilikivaa mpaka kikachakaa, maana bila kitambaa nilikuwa mpika chai, na nikiwa nacho nilikuwa mgonjwa wa kompyuta. Namshukuru pia karani wa ofisini kwetu, ambaye nimemwona akijaza taarifa ya robo mwaka siku moja kabla ya ukaguzi kwa kalamu tatu, nyeusi, bluu, na bluu iliyofifia, ili zionekane ni siku mbalimbali. Daftari langu nililijaza Jumapili moja baada ya chakula cha mchana. Kuanzia wiki ya tisa niliuharibu mwandiko kidogo, ili nionekane nimechoka. Kuliandika daftari lile ndiyo kazi kubwa pekee uliyoifanya mkono huu.

Mpira uko juu ya kabati, ndani ya nailoni yake. Mradi haukuwahi kuwapo. (Wifi: "Nilijua. Mtu kafanya mazoezi elfu tano, halafu ananiita nimfunge zipu.")

Wala si uvivu peke yake. Mkono huu ulipovunjika niliusikia, kama kijiti kikavu, na kila niliposhika chupa niliusikia tena. Nilipaswa kukwambia hivyo, mwanangu. Nikakupa elfu tano na arobaini. Programu yako haina kasoro. Kasoro imesimama hapa, imevaa gauni jipya.

(Binti yangu anafungua kompyuta. "Mama, sifuri kabisa?")

Sifuri, mwanangu. Chupa niliiinua mara moja, nikanywa.

(Anaandika sifuri. Anasema tusubiri dakika ishirini.)

Wakati mitambo inafanya kazi, tutaimba kaulimbiu. Nikisema mfupa, mnajibu mzigo. Mfupa. (Mzigo.) Mfupa. (Mzigo.) Mume wangu, fungua mdomo. Mfupa. (Mzigo.)

(Binti ananiita. Kwenye kioo cha kompyuta kuna mfupa mwembamba wenye matundu. Pembeni ameweka ule wa hospitali. Dereva anauliza upi ni upi. Binti anasema hata yeye inabidi asome maandishi ya chini.)

Ndugu wananchi, sijawahi kuifurahia aibu yangu namna hii. (Binti ananipa barua. "Ichane, mama. Kwa mkono huo." Ninaichana. Inauma kidogo.) Andika, mwanangu: leo, mara moja. Tumia kalamu moja.

Ananiambia itabidi maprofesa waelezwe kwamba namba saba alidanganya, kisha akakiri. Waelezwe. Nami nitakaa mstari wa mbele ili wajue hiyo namba ina sura, na mnakaribishwa nyote kuja kuiona. Wifi, hili gauni langu utalihamishia zipu ubavuni, niifunge mwenyewe. Ndugu dereva, kikapu hutakigusa. Chupa ya chai nitaibeba mwenyewe, ile ndogo kwa kuanzia, kwa mkono huu, kutoka hapa mlangoni mpaka ukumbi wa chuo, saa tatu kamili asubuhi, Alhamisi.