Mgao Wetu wa Baridi, kwa Ajili ya Erika za Veneranda

Hamphrey Challe,
Kitongoji cha Mchangani,
Ngumbo.

12 Oktoba

Mwenyekiti,
Kamati ya Kugawana Mali za Wilaya ya Zamani.

Ndugu Mwenyekiti,

YAH: KUOMBA KUREJESHEWA BARIDI

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na kamati yako, kama kamati bado ipo. Nimeuliza ofisi tatu, na kila moja imenielekeza kwa nyingine, jambo ambalo limenitia moyo kwamba ipo.

Mimi ni mhudumu mstaafu wa shule ya msingi. Kwa miaka ishirini na sita nilipiga kengele, nikapandisha bendera na kumwagilia maua mbele ya ofisi ya mwalimu mkuu. Elimu yangu ni darasa la saba, kwa hiyo nikikosea utaratibu wa barua ya kiserikali naomba uuache utaratibu, ushike shida.

Shida yenyewe ni hii. Mke wangu Veneranda alifariki mwaka jana, mwezi kama huu. Alikuwa mtu wa Mapera, kule juu kwenye kahawa na ukungu. Siku aliyoshuka kwangu alikuja na sanduku la nguo na makopo manne ya erika. Kama hujawahi kuziona, erika ni vichaka vifupi vyenye majani membamba kama sindano na maua madogo mno, mengi mno, yaliyoinama kama yanasikiliza kitu chini. Jina tulilipata kwa masista wa misheni waliozipanda kwenye bustani yao. Zinapenda udongo mchachu, maji ya mvua na baridi. Sisi Ngumbo tuna mchanga, maji ya ziwa na jua.

Kopo la kwanza lilikuwa la erika ya zambarau, ambayo sista mmoja mzee alimwambia kwamba mbegu yake ilisafiri kutoka Ulaya ndani ya bahasha. La pili lilikuwa la nyeupe, ambayo Veneranda aliiita ya Jumapili. La tatu ni ile yenye majani ya njano, ambayo haitoi maua ya maana, lakini alikuwa akisema hata kwenye kwaya yupo mtu wa kusimama tu vizuri. La nne ni ya porini, iliyong'olewa mlimani nyuma ya kwao pamoja na udongo wake. Ndefu, kaidi, na maua yake lazima uyasogeze karibu na jicho.

Alinifundisha kuzichagua. Usidanganywe na ua, alisema, inua kopo uangalie shina: inayofaa ni ile iliyojaa chini, si ile iliyorefuka kutafuta mwanga. Alizikata mara tu maua yalipokauka, lakini hakugusa mti wa zamani, kwa sababu erika ikikatwa kwenye mti wa zamani haichipui tena. Aliziwekea majani ya chai yaliyobaki kwenye birika. Mpaka leo nikimaliza kunywa chai natoka nje na birika, halafu nasimama.

Jumapili ya mwisho ya mwezi huu tutakuwa na misa ya mwaka mmoja. Ndugu zake watashuka kutoka Mapera, wakiongozwa na shemeji yangu Eusebius, na mimi nimeahidi mbele ya watu kwamba siku hiyo kaburi la Veneranda litapandwa erika. Tangu afariki, erika tatu kati ya nne zimekufa. Nimetafuta chanzo kwa utulivu, nikakuta chanzo ni kamati yako. Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Wilaya ilipogawanywa, sisi wa ziwani tukawa wilaya yetu na wa juu wakabaki na yao, nilihudhuria mkutano wa hadhara ambapo orodha ya mali ilisomwa. Tulisomewa viti, makabati, mashine ya chapa isiyo na herufi R, na pikipiki iliyokuwa kwa fundi. Nilikaa mpaka mwisho. Baridi haikutajwa. Kabla ya hapo tulikuwa wilaya moja yenye baridi na joto, mali ya wote. Baada ya hapo baridi yote ilibaki juu, bila kura na bila hata muhtasari. Sisemi iliibwa. Nasema ilisahaulika upande mmoja, kama mwavuli.

2. Wenzetu wa juu wakati huo huo wanaendelea kutumia joto letu. Likizo zikifika wanashuka, wanaoga ziwani, wanalala mchangani kama mihogo, wanarudi kwao wamepata moto wa kuwatosha wiki mbili. Hakuna anayewakagua njiani. Pia usipa wetu, dagaa wa ziwa hili, wanaanikwa kwa jua letu siku nzima, kisha wanapakiwa kwenda Mbinga. Kila gunia la usipa linalopanda mlima limebeba jua la Ngumbo. Naomba kamati iniambie ni gunia la nini linaloshuka na baridi.

3. Nimesikia watu wa mjini watasema baridi haisafirishiki. Nimeshafanya jaribio. Bwana Twaha, mfanyabiashara wa usipa mwenye gari dogo la mizigo lililofungwa nyuma, ni mtu wa heshima na aliheshimiana sana na marehemu. Nilimwomba akifika Mapera alfajiri afungue milango ya nyuma kwa nusu saa, aifunge, ashuke bila kusimama popote, aje aifungulie uani kwangu. Akaniambia, "Mzee Hamphrey, na ukungu nikuletee, au baridi kavu inatosha?" Nikamjibu kavu inatosha. Alifanya hivyo, Mungu ambariki. Baridi ilifika ikiwa imepungua na inanuka usipa, lakini ilifika. Erika nyeupe iliinuka kwa robo saa nzima. Jirani yangu Bonifasia ni shahidi, ingawa yeye anasema ilikuwa ni upepo wa mlango.

4. Nilikwenda ofisi ya kilimo. Walimtuma kijana mpole mwenye kishikwambi. Alichuchumaa mbele ya makopo, akaniuliza kama zinaliwa. Nikasema haziliwi. Akauliza kama zinauzwa. Nikasema haziuzwi. Akauliza basi zinafanya nini, nami nikamweleza kwamba mke wangu alikuwa akikaa nazo jioni. Alitafuta kwenye kishikwambi chake sehemu ya kuandika hivyo, hakuiona, akaniandikisha kama mkulima wa magugu. Tangu siku hiyo kila Jumatatu napokea ujumbe kwenye simu unaonikumbusha kung'oa zao langu mapema. Simlaumu kijana. Alivua kofia alipopita karibu na kaburi.

5. Kwa kuwa mimi ni mtu wa kusema kweli, ninakiri kwamba sehemu ya vifo hivi ilitokana na mimi mwenyewe. Huku ziwani tukipenda mmea tunaumwagia majivu ya jikoni na maji tuliyooshea usipa. Mchicha unashukuru, mnyanya unashukuru. Wiki ya kwanza baada ya mazishi, nyumba ikiwa kimya, niliona erika ya zambarau imenyong'onyea, nikaihurumia, nikaipa majivu kwa mikono miwili na nusu ndoo ya maji ya usipa. Siku ya nne ilikuwa fagio. Niliifanyia hivyo hivyo ya njano, nikidhani ile ya kwanza sikuipa ya kutosha. Lakini naomba kamati itafakari: kama baridi yetu ingekuwepo, mmea usingenyong'onyea, nisingeuhurumia, na usingepata majivu. Kwa hiyo majivu nayo ni ya kamati.

6. Hili ndilo linaloninyima raha. Siku ya mazishi, Eusebius alitaka dada yake apandishwe Mapera, akazikwe kwao. Mimi nilikataa. Nilisema mke wangu atalala nyumbani kwake. Hatukugombana, hatuna tabia hiyo, lakini wakati wa kuagana alinishika mkono akasema, "Shemeji, umemwacha dada yetu kwenye joto." Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayekuarifu kwamba umeacha mlango wazi. Tangu hapo nikipita pale kaburini mchana wa saa nane, naangalia mchanga unavyowaka, nageuza macho. Nimeshamwagia maji pale mara nyingi kuliko nilivyomwagilia maua ya shule, na ninajua ni upuuzi, lakini nanyanyua ndoo.

Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu, kamati ichague mojawapo ya njia zifuatazo.

(a) Kamati irejeshe mgao wetu wa baridi. Siombi barafu. Ninaomba miezi miwili, Juni na Julai, itolewe kule juu na kuwekwa huku. Wao wabaki na mwezi wa Agosti, ambao Veneranda alisema una baridi ya kutosha kwa mtu yeyote mwenye akili. Kwa mwaka huu, kwa sababu ya haraka, niletewe siku tatu tu, Ijumaa mpaka Jumapili.

(b) Ikishindikana, mpaka wa wilaya usogezwe. Sihitaji kijiji kizima. Nahitaji ukanda wa upana wa mpini wa jembe, uanze Mapera, ushuke mlimani kwa adabu bila kukata shamba la mtu, upite nyuma ya choo changu na kuishia kaburini. Hivyo Veneranda atakuwa amelala Mapera na Ngumbo kwa wakati mmoja. Mimi nitatoka wilaya yangu kila asubuhi kwenda kumsalimia, na nitarudi kunywa chai. Ikitakiwa barua ya ruhusa ya kuvuka, nitaiandika kila siku. Mwandiko wangu bado unasomeka.

(c) Ikishindikana hata hiyo, kamati itoe amri kwamba Jumapili ya misa kila mtu wa kata hii avae sweta. Nimeshafikiria wasio na sweta, wajifunge shuka. Wakati wa mahubiri watu wakohoe, wasizidishe, mmoja mmoja kwa kupokezana, na wale wanaokaa karibu na Eusebius wasugue viganja. Mwenyekiti wa kwaya, Bwana Florian, ameniambia waimbaji wake watakuwa tayari kutetemeka kwenye wimbo wa pili, lakini anataka karatasi yenye mhuri. Nataka shemeji yangu asimame pale kaburini dakika tano tu, aone mvuke kwenye midomo ya watu, au angalau adhani ameuona, na aondoke akijua dada yake hakuachwa vibaya.

Kwa sasa erika iliyobaki ni ile ya porini. Ina tawi moja la kijani na mengine yamekauka. Nimeihamishia ndani, chini ya meza, karibu na mtungi. Nimeacha kuipa kitu chochote isipokuwa majani ya chai na maji ya mvua yaliyobaki kwenye pipa, na huwa naipungia hewa kwa mfuniko wa sufuria, asubuhi upande huu, jioni upande ule. Jana Bonifasia alinikuta nikifanya hivyo. Alichukua mfuniko mwingine.

Nisalimie wajumbe wote wa kamati, na walinzi wa getini, na mama anayewapikia chai. Wa juu wasalimie pia, sina kinyongo nao. Waambie wavae vizuri. Wajukuu wangu wanakuamkia Shikamoo ingawa hawakujui.

Ni mimi mwananchi wako, ninayengoja nikiwa nimeacha dirisha la upande wa Mapera wazi,

Hamphrey Challe

Nyongeza: Nilikuwa sijafunga bahasha ndipo akafika shemeji yangu Ottilia, mdogo wa marehemu, aliyetangulia kuja kusaidia maandalizi. Aliomba kusoma. Alisoma akiwa amesimama, akakaa, akacheka mpaka nikampa maji. Halafu akanifuta machozi mimi badala ya kufuta ya kwake.

Anasema Veneranda aliichukia baridi kuliko kitu chochote duniani. Walipokuwa wadogo waliamshwa alfajiri ya Juni kwenda kuchuma kahawa, vidole havikunjiki, na dada yake alikuwa akilia kimya kimya ili asiitwe mvivu. Akaapa ataolewa mahali ambapo mtu anaoga nje mwezi wa Julai. Walijitokeza wachumba wawili, mimi na bwana mmoja wa Mpepai, huko huko juu, mwenye nyumba ya tofali na baiskeli mpya. Veneranda alimuuliza kila mmoja wetu swali moja tu: kwenu mnalala na blanketi ngapi? Mwenzangu alijibu nne, kwa majivuno. Swali hilo nalikumbuka. Mimi niliona haya, nikadhani anapima umaskini wetu, nikajibu kwa sauti ndogo kwamba hatuna. Akatabasamu, na mpaka leo nilidhani ni kwa huruma.

Makopo alipewa na mama yao siku ya kuondoka, na mtu hakatai zawadi ya mama. Ottilia anasema jioni alikaa nayo kwa sababu aliyahurumia, maana yenyewe yaliletwa bila kuulizwa.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, naomba baridi yote ibaki huko huko. Kama mmeshaipakia kwenye gari, ishusheni Mpepai.

Erika ya porini itarudi mlimani Jumatatu baada ya misa. Eusebius ataipakata. Ottilia ameshamweleza kwa simu, na anasema kaka yao aliuliza kama anaweza kuja bila koti.

Veneranda anabaki. Yeye alichagua mwenyewe.