Ombi la Kutambulishwa Kama Mgeni Kanisani Kwangu

Kwa Mchungaji Efraimu, Kasisi wetu, na kwa Wakristo wote wa Parishi ya Mtakatifu Filipo mtakaokuwa mmeketi wakati wa matangazo,

Salamu katika jina la Bwana. Baba Kasisi, kila Jumapili wewe huniamkia shikamoo kwa kuwa nilikufundisha darasa la tatu. Leo ninayekuamkia ni mimi, kwa unyenyekevu wa mshirika kwa mchungaji wake, nikiomba barua hii isomwe yote bila kurukwa, baada ya tangazo la kwaya na kabla watu hawajaanza kutafuta viatu vya watoto.

Jumapili ijayo tunaadhimisha Jubilei ya kanisa letu, na Baba Askofu atakuwepo. Wageni watasimamishwa, watapigiwa makofi na kuimbiwa. Naomba niwe miongoni mwao. Nimebatizwa hapa, nimepata kipaimara hapa, nimefunga ndoa hapa, na marehemu mume wangu tulimuaga hapa. Lakini sijapata kukaribishwa hapa hata mara moja. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mgeni huulizwa jina lake. Mimi huambiwa, "Mwalimu, sogea kidogo."

2. Mgeni huketi mbele, kwenye viti vilivyovikwa vitambaa, na baada ya ibada hunywa chai ya maziwa ofisini kwa Kasisi, pamoja na chapati na mayai. Sisi tunapanga foleni chini ya turubai kwa chai ya rangi, na Mama Nasieku, mshika birika, hutupigia kelele: "Jamani, andazi moja moja! Wageni bado hawajala!" Wageni hao huwa wamekwisha kula, tena wanajifuta midomo.

3. Yuko dada mmoja wa Oldonyo Sambu, Namnyaki, Mlutheri safi, aliyeingia kanisani kwetu wakati wa masika ili kukwepa mvua. Kabla khanga yake haijakauka alikuwa amesimamishwa, ameimbiwa beti zote, ameombewa safari, na ametoa neno la shukrani lililowaliza watu. Jumapili iliyofuata alirudi kwa furaha. Hakuna aliyemtazama, alisogezwa kama ninavyosogezwa mimi. Nasikia sasa ni mgeni katika parishi moja ya Sekei, na akimaliza hapo atakuwa mgeni kwingine. Simlaumu. Nauliza tu: ikiwa ukarimu wetu huisha kwa wiki moja, sisi tuliobaki tunaadhibiwa kwa kosa gani?

4. Hili ndilo zito. Katika historia ya parishi itakayosomwa siku ya Jubilei, mmeandika kwamba kanisa lilijengwa na Wazungu wa mashamba ya kahawa, na kwamba paa liliezekwa na fundi Balbir, Msikh aliyekuja kwa kazi ya muda, akaimbiwa na kupewa kondoo wa kumuaga. Wote hao walikuwa wageni, na wote wana majina. Baba yangu hana. Yeye alikuwa nje, ameshika hatamu za farasi wa mabwana mpaka ibada iishe, na zaburi alizijua kwa kuzisikia dirishani. Ibada ya Kiswahili ilipoanzishwa na mlango kufunguliwa, aliingia moja kwa moja, akapewa ufagio. Kwa hiyo ukoo wetu wa Sumari una mtu aliyeachwa nje na una watu waliozoeleka ndani. Mgeni hatujatoa. Naomba niwe wa kwanza.

5. Kuhusu kwamba mgeni sharti atoke mbali: nyumba yangu imepakana na ukuta wa kanisa, lakini nimejiandaa. Nitapanda bodaboda asubuhi, nizungukie Momela, kisha niingie kwa mlango mkubwa nikiwa na vumbi la kutosha. Nikiulizwa nimetoka wapi, nitajibu bila dhambi yoyote kwamba nimetoka Momela. Mpango huu ukifaulu, napendekeza kila Jumapili washirika wote tuwe wageni. Wa kutukaribisha atapatikana. Akikosekana, tuazime Walutheri.

Naamini Baraza la Parishi litalitazama ombi langu kwa jicho la huruma. Nisalimieni mama mchungaji na watoto, kwaya zote mbili, hata ile inayochelewa, na mlinzi wa geti, ambaye ndiye pekee huniambia karibu.

Ni mimi, mshirika wenu hadi Jumamosi na mgeni wenu kuanzia Jumapili,

Mwalimu Tabea Sumari (mstaafu)

N.B. Nimekwisha kufunga bahasha, nimelazimika kuifungua. Jackline, katibu wa parishi, amenipigia simu. Ombi langu limemfikia, sijui kwa njia gani, maana nilimwambia jirani mmoja tu. Amesema kwa upole: "Sawa kabisa Mwalimu, karibu sana! Ila mgeni hatumpi kazi, kwa hiyo lile somo ulilopangiwa siku ya Jubilei tumempa Oscar." Baba Kasisi, Oscar! Kijana anayemsoma Isaya kama mtu anayenadi mitumba! Somo hilo nimelisoma kwa sauti jikoni tangu Kwaresima, hadi kuku wamelizoea. Tafadhali, barua hii isisomwe kabisa. Futa namba moja hadi tano. Mimi si mgeni wa mtu. Ni mwenyeji, tena wa zamani. Na hao wageni wenu waketi nyuma, wasije wakaniziba.