Mashine ya Sukari Kwenye Meza ya Asali

Jumatatu, 14 Julai 2025

Na ijulikane, kwa vizazi vilivyopo na vitakavyokuja, kwamba leo saa mbili asubuhi mimi, Masanja, muuza asali wa sokoni Tabora, nimevaa koti jeupe. La mtumba. Mfuko wa kushoto una doa, nadhani la ini. Mwenyewe wa kwanza huenda alikuwa mchinjaji. Nasimama nimeupa ukuta upande huo.

Sababu ya koti: mashine ya kupima sukari. Nimeinunua pamoja na kopo la vijiti vyake. Ghalibu, mwenye meza inayonikabili, amebandika kwenye chupa zake kwamba asali yake haipandishi sukari. Maneno matupu! Mimi nitaonyesha namba. Mteja anaonja, anatobolewa kidole, namba inatoka ndogo, ananunua. Nimejipima nyumbani baada ya kuoga: 5.4. Safi! Karatasi ya maelekezo ina kurasa nyingi. Nimesoma picha.

Jumanne, 15 Julai

Balaa. Hapa sokoni asali huonjwa kwa kidole: unachovya, unalamba, unasema ina moshi hata kama haina. Wa kwanza kuja ni Xavery, mkulima wa bustani wa kule Kipalapala. Mwembamba, mbavu unazihesabu juu ya shati. Kachovya, kalamba, nikamtoboa kidole kile kile. 27.1! Nimeduwaa. Yeye alikaa chini kwenye vumbi, akauliza kama Jumapili ataiona.

Mama muuza karanga: 22. Mgambo wa soko: 25, na kiburi chote kikamtoka. Mji mzima wagonjwa! Nikajipima mwenyewe. 19.8. Mimi! Wa 5.4 ya jana!

Ghalibu akapaza sauti kutoka kwake: "Daktari wa mitumba, umeshazika wangapi?" Nimeshagundua. Watu hawa wote wamekula asali yake miaka nenda rudi.

Jumatano, 16 Julai

Mama mkwe, Bi Mwanne, amefika kwa treni kutoka Goweko na ndoo ya asali ya mizinga yake, ambayo ndiyo ninayoiuza. Yeye anaumwa sukari kweli, anajichoma insulini. Kabla hata ya kupewa maji alichovya kidole kwenye ndoo, aone kama asali haijachacha njiani. Mke wangu Koleta akataka nimpime.

Nimpimeje? Mkwe hashikwi mkono. Mkwe hatazamwi usoni. Nikasimama uani, nimeupa mlango mgongo, nikawa nauelekeza ukuta la kufanya. Koleta akapeleka mashine, mama akajitoboa mwenyewe. Vidole vyake sikuviona.

23.6! Koleta akapiga yowe. Mama akasema, kupitia kwa Koleta, kwamba wiki iliyopita kliniki walimkuta na 7, na kwamba anataka kujua daktari anashauri nini. Daktari! Nikauambia ukuta, kwa sauti ya koti jeupe, mama azidishe sindano ya jioni. Mara mbili. Ukuta haukupinga.

Alhamisi, 17 Julai

Sijui nianzie wapi.

Alfajiri Koleta aliniita Masanja, si Baba Levina. Nikajua kuna jambo. Mama mkwe jasho chapachapa, mwili unatetemeka, ulimi mzito. Aliponiona akasema shikamoo. Mkwe! Kuniamkia mimi! Sijawahi kuogopa hivyo tangu nizaliwe. Mimi nikakimbilia mashine. Koleta akamkimbilia jirani yetu Marcelina, ambaye ni muuguzi. Namshukuru Mungu kwamba Koleta ana mbio.

Marcelina akamnywesha maji ya sukari, funda kwa funda. Baada ya robo saa hivi mama akafumbua macho, akauliza huyu mwanamume anatafuta nini chumbani kwa mkwe wake. Amepona!

Marcelina akaosha kidole cha mama kwa sabuni, akakikausha, akapima: 4.6. Kisha akakamata changu, nilichokuwa nahamishia asali chupani jana usiku na kulala nacho: 21. Akakiosha. 5.5.

"Mashine haina kosa, shemeji," akasema. "Ulikuwa unapima asali. Mama hakuwa na sukari nyingi, wewe ukamwongezea dawa ya kuipunguza, ikashuka mno. Tungechelewa kidogo, saa hizi tungekuwa tunatafuta sanda." Akampeleka kliniki, akamrudisha mchana.

Mama akatoa hukumu kupitia kwa Koleta: mashine itupwe chooni, la sivyo kesho anaondoka na binti yake. Nimeahidi. Nimelia. Nimeapa nikiwa nimeshika kola ya koti.

Ijumaa, 18 Julai

Nimefikiri. Mkono mchafu, namba kubwa. Mkono safi, namba ndogo. Elimu kama hii mtu anaitupaje chooni? Mashine imo mfukoni, upande wa doa.

Mpango: wateja wangu watanawa kwanza kwenye beseni. Ghalibu na watu wake nitawapima hivyo hivyo walivyo, na asali yao vidoleni. Soko lijionee lenyewe nani anaua watu!

Saa saba na nusu nikamwona anarudi mezani kwake na jamaa zake watano. Nikamwita mbele ya watu wote. Hakusita, akanyoosha kidole. 5.0. Wenzake: 4.9, 5.2, 5.1, 4.8, 5.3. Ghalibu akaichukua mashine yangu, akaiinua juu, akaanza kuizungusha kwa watu. Foleni ikajipanga mezani kwake mpaka kwa wauza dagaa. Kwangu alikuja Xavery peke yake, na kidole alikataa kutoa.

Koleta alikuwa anapita kuelekea stesheni kumuaga mama yake anayerudi Goweko. Akaiona mashine. Alirudi nyumbani, akatoka na begi, na treni wamepanda wote wawili.

Atatulia. Kesho nanunua mashine nyingine, hii Ghalibu ameiroga. Nitamfuata Goweko na mpya, nimpime pale pale aone.

Xavery anasema Ghalibu na wenzake walikuwa wametoka kuswali Ijumaa, na kabla ya kuswali walitawadha.